Galoni Mbili za Buyaa

"Norbert, tumesimama hapa saa nzima. Kama mfuko umetoboka sema, nitalipa mimi."

"Si mfuko, Halina. Ni Ijumaa."

"Ijumaa ndiyo nini?"

"Ijumaa watu wote wanakula samaki."

Halina Wrobel aligeuka akautazama ukumbi. Walikuwamo wazee kwa vijana, watawa wawili, na wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi ambao hawakuwa wamevua sare zao. Wote walisimama kando ya kaunta ya vinywaji wakingoja meza, na hakuna aliyenung'unika. Kwao Chicago, mtu akicheleweshewa sahani robo saa humwita meneja. Hapa Green Bay watu waliulizana habari za magoti na za paa zinazovuja, kana kwamba kungoja nako kulikuwa sehemu ya chakula.

Simu yake ililia ndani ya mkoba. Ulikuwa ujumbe wa Dora, binti yake wa pekee:

"Mama, fundi anaanza Jumatatu. Akujengee chumba chini ya nyumba yetu au asijenge? Nataka jibu Jumapili jioni. Na mji huo una nini zaidi ya mpira na baridi?"

Halina alijibu: "Ndicho nilichokuja kutazama."

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mshonaji wa nguo za maonyesho, mwanamke aliyeweza kumpima mtu kiuno kwa kumtupia jicho. Norbert Delwiche, mwenye miaka sitini na mmoja, alikuwa mgane aliyeitumikia mashine ya karatasi miaka thelathini na minane. Walikutana mwaka uliopita katika chakula cha matanga cha binamu wa Norbert huko Chicago, na tangu siku hiyo Norbert aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu kila baada ya juma moja ili akanywe naye kahawa. Halina hakuwa amefika kwake hata mara moja. Safari hii alikuwa amekubali kuja siku tatu. Wote wawili walijua kwamba siku hizo tatu ndizo zingeamua kama atahamia mji huu au atakwenda kuzeekea chini ya nyumba ya bintiye. Lakini Norbert hakuwa bado amelitamka neno ndoa. Halina alikuwa akilingoja, wala hakuwa tayari kumsaidia kulitamka.

"Mmepata meza?" sauti kama kengele ya shule ililia nyuma yao. Alikuwa Yvonne, dada mkubwa wa Norbert, mfupi, mnene, amejipaka rangi ya midomo kwa haraka. "Karibu, wifi!"

"Wifi tena?" Halina alicheka. "Mbona mnaninunulia viatu kabla ya kuniona mguu?"

"Mguu tumeuona. Tunasubiri uingie tu."

Norbert alikohoa, akajifanya anatafuta leso.

Meza ilipatikana. Samaki wadogo wa ziwani waliletwa wamepakwa unga, wamekaangwa hadi wakawa na rangi ya mkate, pamoja na kabichi mbichi iliyokatwakatwa, viazi, na vipande vyembamba vya mkate mweusi vilivyopakwa siagi.

"Viazi vipo," alisema Halina. "Sasa mkate wa nini?"

"Mkate ni wa kitunguu," alijibu Norbert.

"Na kitunguu ni cha nini?"

"Cha mkate."

"Nyie watu!" Hata hivyo alikiweka kitunguu kibichi juu ya mkate, akauma, akatafuna. Kisha akamega kipande cha samaki, na cha pili, na cha tatu.

"Unakionaje?" aliuliza Yvonne.

"Nyamaza kidogo, mama. Ninakula."

Yvonne alimkonyeza mdogo wake.

*

Jumamosi asubuhi Norbert alimchukua kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya mto. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele peke yake.

"Na mgongoni je?" aliuliza Halina.

"Mgongo unaegemea kiti cha gari. Nani atauona?"

"Mimi nimeuona."

Katika soko la mtaani alimnunulia jibini mbichi lililotengenezwa alfajiri ile, vibonge vidogo visivyo na umbo.

"Tafuna. Kisha sikiliza."

"Nisikilize chakula?"

Alitafuna, na jibini likalia menoni kama kiatu kipya. Halina alishtuka, akafunika mdomo, kisha akatafuna jingine makusudi ili lilie tena. Muuzaji, mkulima mwenye kofia ya manyasi, alimwambia Norbert:

"Huyu usimwachie. Wageni wengi wanadhani limeharibika."

Kutoka hapo walikwenda kwenye makumbusho ya reli, wakasimama chini ya injini nyeusi ambayo magurudumu yake yalimzidi Norbert kimo. Norbert, ambaye kwa kawaida alihesabu maneno kama dawa, alieleza juu ya mvuke na mabomba dakika ishirini bila kupumua. Halina hakuelewa hata nusu ya maelezo, lakini aliona jinsi mikono ile mipana, yenye kovu la mashine, ilivyokigusa kile chuma kwa upole. Moyoni alijisemea kwamba mtu aliyeweza kutunza mashine miaka thelathini na minane huenda akaweza kutunza na mtu.

Baada ya chakula cha mchana walifika kwenye bustani ya michezo iliyo ukingoni mwa ghuba. Tiketi zake ni za senti chache tu, na watu wa mji huo hawaoni ajabu yoyote katika jambo hilo.

"Na ule mlima wa mbao wenye reli ya vigari, nani anaupanda?"

"Watoto," alisema Norbert. "Na watu wasio na akili."

"Leta tiketi."

Walipanda. Kigari kilipofika kileleni, Halina aliona ghuba yote, minara ya viwanda, makanisa yenye minara mirefu kuliko viwanda, na mto ukiugawa mji katikati. Kisha dunia ikaanguka chini yao. Walipotoka, kofia ya Norbert ilikuwa imepotea na Halina alikuwa akilia kwa kicheko.

"Ulipiga kelele," alimwambia.

"Sikupiga."

"Ulimwita mama yako!"

"Nilikuwa namsalimu."

Jioni ilipokaribia, walikaa katika hifadhi ya ndege wakiwarushia mabata bukini punje za mahindi. Hapo ndipo Halina alipolisema jambo ambalo kwa mwaka mzima hakuwa amelisema.

"Norbert, nikwambie habari za marehemu mume wangu."

"Niambie."

"Kazimir hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga wala hakulewa. Lakini siku moja alirudi kutoka kazini akaniambia, 'Halina, funga vyombo, nimenunua nyumba.' Hakuwa amenionyesha hata picha yake. Tukahamia. Baadaye akanichagulia kazi, akanichagulia daktari, akamchagulia mtoto jina. Alipokufa nilikuta amekwisha kulipia kaburi lake na langu, na jiwe lina jina langu tayari, limebaki kuongezwa tarehe."

Norbert alikazia macho punje za mahindi kiganjani mwake.

"Miaka ishirini na tisa, hakuniuliza hata mara moja, 'Halina, wewe unataka nini?' Nilipomzika nilijiapiza: mwanamume atakayeniamulia jambo bila kuniuliza, awe mwema kama malaika, sitakaa naye. Nimekwambia mapema ili usije ukajikwaa."

Bata mmoja alidonoa kamba ya kiatu cha Norbert, naye hakumfukuza. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umepatwa na nini?"

"Ni upepo tu," alisema. "Mahindi yamekwisha. Unataka mfuko mwingine?"

"Nitanunua mwenyewe."

Alipokuwa anakwenda kibandani, Norbert alitoa simu haraka, akamwandikia dada yake:

"Yvonne, daftari la buyaa liko wapi? Futa jina la Halina. Sasa hivi."

Buyaa ni mchuzi mzito ambao parokia zao hupika kila mwaka kwa masufuria makubwa ya chuma: kuku, nyama na mkia wa ng'ombe, kabichi, karoti na njegere, vyote vikichemka tangu kabla ya jua kuchomoza, huku wanaume wakikoroga kwa makasia. Kila nyumba huandikisha kiasi chake mapema na kuja na chombo chake. Mtu aliye peke yake huandikisha galoni moja. Mke na mume, galoni mbili. Kwa hiyo daftari lile halifichi siri. Kwa miaka sita tangu kufiwa, Norbert alikuwa mtu wa galoni moja. Majuma matatu yaliyopita, alipoulizwa, alisema mbili.

Jibu la Yvonne lilikuja: "Daftari analo Bi. Philomene, na Bi. Philomene hafuti kitu. Kwani hujamwambia?"

"Sijamwomba hata ndoa."

"NORBERT!"

"Najua."

"Mwambie leo. Ukingoja kesho utaaibika mbele ya watu, na utamwaibisha na yeye."

Alikusudia kumwambia, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Alikusudia garini, akazungumzia taa za barabarani. Alikusudia tena nyumbani kwa Yvonne, walikokwenda kula, lakini pai iliwekwa mezani: pai ya Kibelgiji ya plamu zilizokaushwa, imefunikwa jibini tamu. Wakala wote watano waliokuwapo, hadi kikabaki kipande kimoja. Yvonne alikikata nusu akachukua nusu. Mumewe akaikata nusu iliyobaki. Jirani akaikata robo.

"Kwa nini hamkimalizi?" aliuliza Halina.

"Kipande cha mwisho hakichukuliwi," alieleza jirani kwa unyenyekevu. "Si adabu."

"Basi mtakikata mpaka kiwe vumbi?"

Alinyoosha mkono, akakichukua kile kilichobaki, akakitia kinywani. Meza nzima ilimkodolea macho kana kwamba mtu amevunja dirisha la kanisa. Kisha Yvonne alipiga meza kwa kiganja, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Miaka hamsini nimetamani kufanya hivyo!"

Katika furaha ile Norbert alijiambia kwamba neno lake lingeharibu jioni. Akanyamaza. Ukimya wa mtu mwoga hujivika nguo za mtu mpole, na wengi hudanganyika, hata mwenyewe.

*

Jumapili baada ya misa, uwanja wa kanisa ulijaa. Masufuria sita yalitoa mvuke, na wanaume waliotoka jasho walikoroga kwa makasia huku wakibishana kama njegere zimetiwa mapema mno. Watu walipanga foleni wakiwa na ndoo, sufuria, na mitungi ya maziwa. Halina alisimama na Norbert akinusa hewa.

"Harufu hii inatosha kumfufua mtu," alisema. "Mbona unatoka jasho? Wewe hukorogi."

"Halina, kuna jambo."

"Sema."

"Nilipaswa kulisema jana. Kule kwa mabata."

"Sema basi."

Alifungua mdomo. Lakini mezani, mbele ya kipaza sauti, alikaa Bi. Philomene Lampereur, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, ambaye alikuwa ameshika daftari lile tangu enzi za mume wake wa kwanza. Alilowesha kidole, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti iliyofika hadi makaburini:

"Delwiche! Bwana Norbert Delwiche na mkewe Halina! Galoni mbili! Na Mungu awabariki, watoto wangu!"

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Wakorogaji waligonga makasia kwenye masufuria. Mwanamke asiyejulikana alimkumbatia Halina kutoka nyuma.

"Hongera, mama! Hatukujua! Harusi ilikuwa lini?"

"Alituficha huyu mzee! Mjanja!"

"Sasa utazoea baridi yetu, usiogope!"

Halina alijinasua kwa adabu. Hakupandisha sauti, wala hakuhitaji.

"Nani ameolewa?" aliuliza.

Makofi yalipungua, yakawa mawili matatu, yakafa.

"Bi. Philomene," alisema Halina, "jina langu liliandikwa lini humo?"

Bibi kizee aliinamisha miwani. "Tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa nane, mwanangu. Si wewe mke wake?"

"Mimi mwenyewe ndiyo naambiwa leo."

Akaondoka kuelekea walikoegesha magari. Norbert alimfuata, na nyuma yao watu mia mbili walianza kuangalia viatu vyao.

"Halina."

"Tarehe ishirini na mbili nilikuwa sijakubali hata kuja kukutembelea."

"Ni kweli."

"Jana nimekaa pale nikakufungulia kifua changu. Nikakwambia habari za jiwe lenye jina langu. Ukanyamaza! Kumbe jina langu umekwisha kuliandika mahali pengine!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaondoka."

"Sasa je, nafanya nini?"

Norbert alitazama chini. Alipozungumza, alisema polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito kwenye ngazi.

"Bi. Philomene aliniuliza, 'Norbert, galoni moja kama kawaida?' Nikasema mbili. Akauliza, 'Ya pili ya nani?' Nikalitaja jina lako. Sikuwahi kulitaja mbele ya watu. Nilitaka kusikia linavyosikika. Akasema, 'Mkeo?' Hapo ndipo nilipokosa. Sikukana. Niliona furaha, nikamwacha aandike."

Halina alimsikiliza hadi mwisho, lakini uso wake haukulegea.

"Umeniagizia maisha kama mtu anavyoagiza mchuzi, Norbert. Nipeleke nyumba ya wageni nichukue begi langu, halafu kituo cha basi. La saa tisa."

"Nitakupeleka. Nipe dakika tano."

"Za nini?"

"Nimesema uongo kanisani. Siwezi kuuacha hapo."

Alirudi. Halina alibaki amesimama kando ya gari, na kutoka pale alimwona mtu yule aliyehesabu maneno kama dawa akimwomba Bi. Philomene kipaza sauti. Kilipiga ukelele. Watu wote waligeuka.

"Mnanijua," alisema Norbert. "Nimebatizwa hapa. Sijawahi kusimama mbele yenu hata kusoma matangazo." Akameza mate. "Huyu mama si mke wangu. Sijamwomba. Nimeacha jina lake liandikwe bila kumwuliza, nikawafanya mumpigie makofi kwa jambo asilolijua. Kosa si la Bi. Philomene. Ni langu. Nawaomba radhi ninyi, na yeye zaidi."

Mchuzi ulisikika ukichemka. Kisha mkorogaji mmoja alipaza sauti:

"Basi mwombe sasa! Yupo pale!"

"Piga goti, Norbert!"

"Mwombe! Mwombe!"

Makasia yalianza kugonga tena. Halina alikaza vidole kwenye mkoba wake. Alijua vizuri jambo hili linavyokwenda: mwanamke husimamishwa mbele ya umati, na umati humsaidia kusema ndiyo.

"Hapana," alisema Norbert.

"Kwa nini?" Hata Yvonne alipiga kelele. "Wewe mzee una nini?"

"Kwa sababu nikimwuliza hapa hatanijibu mimi. Atawajibu ninyi. Nitamwuliza mahali anapoweza kukataa."

Akarudisha kipaza sauti, akainamisha kichwa kwa Bi. Philomene, akaondoka.

*

Kituo cha basi kilikuwa mabenchi mawili na mashine ya kuuzia maji. Halina alikaa na tiketi mkononi, begi miguuni. Norbert alikaa benchi la pili, si lile la Halina. Basi lilikuwa limekwisha kufika. Dereva alikuwa akivuta sigara mbali kidogo.

"Njiani hukusema kitu," alisema Halina.

"Nilikuwa naendesha. Mtu aliyefungiwa ndani ya gari la mwingine hawezi kukataa vizuri."

Halina alimtazama kwa upande. "Na hapa?"

"Hapa una tiketi. Basi lipo. Ukisimama tu, umenijibu."

"Basi uliza."

Norbert aliondoa mikono yake magotini, akaiweka tena.

"Halina Wrobel, utakubali kuolewa na mimi?"

"Rudia."

"Utakubali kuolewa na mimi?"

"Nikisema hapana?"

"Nitakubebea begi mpaka mlangoni mwa basi. Sitakupigia simu mpaka wewe unipigie."

"Nikisema ndiyo?"

"Utaniambia unataka kuishi wapi. Ukisema Chicago, nitauza nyumba, nitakuja Chicago."

"Wewe? Chicago? Ijumaa utakula nini huko?"

"Sijui," alisema Norbert kwa unyofu kabisa. "Nitauliza."

Halina alicheka kabla hajajizuia. Kisha machozi yakamjaa, akayafuta kwa kidole cha mshonaji chenye alama za sindano. Simu ililia. Alikuwa Dora.

"Mama! Fundi yuko hapa kwangu. Tumwambie nini?"

"Dora, ngoja kidogo. Kuna mtu ananiuliza swali."

"Swali gani?"

"Nitakupigia." Akaizima. Akageuka kumkabili Norbert sawasawa. "Sikiliza. Mimi nina hasira na wewe, na hasira yangu haiishi kwa hotuba moja."

"Ni haki yako."

"Siku utakayoogopa tena, utaniambia unaogopa. Hutanyamaza."

"Sitanyamaza."

"Na huu mji." Alinyoosha mkono kuelekea mto, minara, na kilele cha mlima wa mbao uliokuwa mbali. "Dora ananiuliza una nini. Nimekaa kwenye hili benchi nautafuta ubaya wake ili niondoke vizuri, siupati. Watu wake wanangoja saa nzima bila kugombana. Jibini lao linaongea. Bibi wa miaka themanini anaombwa radhi mbele ya parokia. Mji wako nimeupenda, Norbert. Nimeupenda kabla sijakusamehe wewe."

"Na mimi?"

"Wewe nilikupenda kabla ya mji. Ndiyo maana nimekasirika hivi." Akavuta pumzi. "Ndiyo. Nimekubali. Na nataka kuishi hapa, kwa sababu nimetaka mimi."

Norbert hakuruka wala hakupiga goti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati ambayo haikupigwa pasi, akaivaa, akaifuta tena. Kisha akahama benchi.

Halina alimpigia bintiye.

"Mama, mbona ulikata? Amekulazimisha huyo mzee?"

"Hapana, mwanangu. Ameniuliza."

Dora alikulia katika nyumba ile ile ya Kazimir. Hakuhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo.

"Ameuliza kweli?" sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mara mbili. Nilimwambia arudie."

"Na ukasema nini, mama?"

"Mwambie fundi chumba hicho awajengee wajukuu zangu wachezee."

Dora alianza kulia na kucheka kwa pamoja, na akauliza mambo saba kwa mara moja. Dereva alikwisha kuizima sigara yake. Alikuja, akawatazama wazee wale wawili walioshikana mikono kama wanafunzi, akatazama saa.

"Mama, samahani. Unapanda au hupandi?"

"Napanda," alisema Halina, akainuka na kumpa begi Norbert alibebe. "Naenda kufuata vitu vyangu."